Nyumba za Kubomolewa Mwaka Ujao

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo, patasi, kamba na ngazi, kisha nikaambiwa nisitengeneze kitu.

Aliyeniambia hivyo alikuwa foromeni wa matengenezo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka Vihiga na cheti cha useremala, nina hamu ya kuonyesha ninachojua. Alinitembeza mtaa mzima. Ulikuwa ng'ambo ya barabara kutoka Kaloleni: nyumba za mawe, za chini, zenye mapaa ya vigae vyekundu, zimezunguka viwanja vya nyasi ambako watoto walicheza mpira. Kila nilipoinua macho kutazama paa lililobonyea, alinigusa bega.

"Kijana, unaziona hizi nyumba?"

"Naziona, bwana foromeni."

"Zinabomolewa mwaka ujao. Hapa patajengwa maghorofa. Kwa hivyo sisi hapa hatutengenezi. Tunaziba."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya idara yetu ya nyumba, na nilikaribia kustaafu ikiwa bado ni amri. Mwaka ujao ulitangazwa kila mwaka. Wakuu wa idara walikuja na kuondoka, kila mmoja na ramani zake za maghorofa, na kila mmoja akaapa kwamba huu ndio mwaka wenyewe.

Vijana wa leo wanajua paa la mabati, msumari na mpira wake, basi. Niwaeleze kidogo kuhusu vigae. Kigae cha udongo hakipigiliwi kama bati. Kina pua ndogo kwa chini, na pua hiyo hunasa kwenye upao, yaani ule ubao mwembamba unaolala kukatiza paa. Kila kigae kimelaliwa na mwenzake wa juu. Ukitaka kutoa kimoja kilichopasuka, unaviinua vile vya juu yake kwa kabari mbili za mbao, unakivuta kibovu taratibu, unasukuma kizima mpaka usikie pua imenasa. Na kabla ya kukipandisha, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hujibu kama debe lililojaa mchanga. Niliipenda sana hiyo sauti ya kigae kizima. Mke wangu alinicheka kwamba nagonga hata sahani kabla ya kula.

Huko ndiko kutengeneza. Kuziba ni kitu kingine. Unachukua kipande cha gunia, unakichovya kwenye lami ya moto, unakibandika juu ya ufa. Kinashika msimu mmoja. Jua la Januari likija lami inakauka na kukunjamana, na mvua ya Aprili inapita palepale ilipopita mwanzo. Unarudi, unabandika gunia juu ya gunia. Chini yake pao zinaoza, na zikishaoza hakuna kigae kitakachokaa.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Nilijua dawa ya kila paa la mtaa ule, na kazi yangu ilikuwa kutoitumia.

Lakini si mapaa tu yaliyokuwa yakingoja. Watu nao walingoja. Nilipoingia nyumbani mwao na ngazi yangu niliona mengi. Kulikuwa na familia moja ambayo kitanda chao kilihamishwa katikati ya chumba kukwepa tone la maji. "Ni kwa muda tu, Fundi," baba mwenye nyumba aliniambia. Watoto walizaliwa, wakabatizwa, wakakua, wakaoa, kitanda kikiwa katikati ya chumba na watu wakikizunguka ubavuubavu kwenda jikoni. Wengine hawakupigilia rafu ukutani, hawakupanda hata sukumawiki kwenye kijisehemu cha udongo mbele ya mlango. Wangepanda vipi na watu wa tingatinga wanakuja? Waliishi kama abiria waliokalia mizigo yao.

Kwangu haikuwa tofauti. Nilipewa chumba katika mtaa huohuo, nikamleta Kageha, mke wangu, kutoka nyumbani. Alikuja na makatoni mawili ya zawadi za harusi. Moja lilikuwa na mapazia na vitambaa alivyodarizi mwenyewe akiwa msichana, maua na ndege. Jingine lilikuwa na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Alipoona dari ilivyo na madoa, aliyafunga tena kwa kamba na kuyasukuma chini ya kitanda.

"Mume wangu, hapa unyevu utayaharibu," akasema. "Tungoje nyumba mpya."

Wafanyakazi wa idara walikuwa wameahidiwa kwamba watakuwa wa kwanza kuingia maghorofani. Basi tukangoja. Tulinywea chai kwenye vikombe vya plastiki, na dirishani tukaning'iniza shuka kuukuu. Musa alizaliwa, akasoma, akaenda Eldoret kutafuta maisha, na hakuwahi kuyaona mapazia ya mama yake.

Siku moja, mvua ilinyesha tangu alfajiri kwa nguvu hata hakuna aliyeweza kusimamisha ngazi. Foromeni akaturudisha nyumbani. Kageha naye alikuwa mfagiaji katika shule ya chekechea ya mtaa, na shule ilikuwa imefungwa kwa mafuriko. Sijui ni nini kilimwingia. Aliinama, akavuta katoni, akatoa vikombe viwili, akavipangusa kwa kanga. Tulikunywa chai ya tangawizi tumeketi kitandani, maji yakidondoka kwenye sufuria pembeni. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya, akausahau katikati, akacheka mpaka akamwaga chai mapajani. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Mvua ilipotulia aliviosha, akaviviringisha kwa gazeti, akavirudisha mahali pake. Kesho yake nikaenda kuziba.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Ciku.

Alikuwa mjane kutoka Murang'a, muuza mboga, mfupi, mwenye kutembea kama mtu aliyechelewa. Alikuja katika ofisi yetu asubuhi moja, kikapu kikiwa bado mkononi, akasimama mbele ya meza ya foromeni.

"Nataka paa," akasema.

"Mama, tutamtuma Fundi aje azibe."

"Ameziba mara nyingi mpaka juu kumekuwa na magunia mengi kuliko vigae. Nataka paa."

Foromeni akavuta pumzi kama mtu anayezungumza na mtoto. "Mama Ciku, ile nyumba itabomolewa."

"Itabomolewa leo?"

"Si leo."

"Basi leo nataka paa."

Foromeni alicheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Mama Ciku hakucheka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akachukua kikapu chake, akaenda.

Maneno yale yalinikaa. Mwisho wa mtaa palikuwa na nyumba iliyoungua, na vigae vyake vilikuwa vimerundikwa nyuma bila mwenyewe. Nilianza kwenda huko saa ya chakula cha mchana, nagonga kimoja kimoja, nachagua vinavyolia. Pao nilizipasua kutoka mbao za jukwaa la zamani. Kisha nikapanda juu ya nyumba ya Mama Ciku, nikang'oa magunia yote, nikaanza upya.

Siku ya tatu ya kazi hiyo niliangalia chini nikamwona foromeni ameshika kiuno. Nikajua nimefukuzwa. Alikagua paa mstari kwa mstari. Kisha akainua kidole.

"Hicho ulichoweka mwisho kimelala upande," akasema. Akavua koti, akaanza kunipitishia vigae.

Hatukulizungumza jambo hilo tena, yeye na mimi, mpaka alipostaafu na kurudi kwao. Lakini nikiulizwa ni lini nilikuwa fundi kweli, ni siku zile.

Mama Ciku alipopata paa lisilovuja, alishikwa na wazimu fulani wa kufanya mambo. Alipaka chokaa kuta zote. Kila Desemba akapaka tena. Alipanga mawe mbele ya mlango, akamwaga changarawe, akaweka benchi, na jioni majirani walikwenda kuketi hapo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuketi. Wapimaji wa ardhi walikuja na rangi nyekundu, wakachora alama ya kubomoa kwenye kila nyumba. Yake aliipaka chokaa kabla hata haijakauka. Wakachora tena. Akapaka tena.

"Huyu mama ni kichwa ngumu," Kageha alisema tukipita hapo tukitoka kanisani. "Anapamba nyumba ya watu. Siku ya kubomoa atalia kuliko sisi sote." Lakini nilimwona amepunguza mwendo, anatazama mapazia ya Mama Ciku yakipepea.

Baadaye mkuu wa idara alinihamisha. Nilipelekwa kwenye majumba ya ghorofa ya mtaa mwingine, yenye mapaa bapa ya zege, ambako kazi ilikuwa kumimina lami na kuzibua mabomba ya maji ya mvua. Paa bapa halina siri yoyote, na sikulipenda. Niliporudi nilirudi kama foromeni. Asubuhi nilipopewa fundi mpya, msichana hodari kutoka chuo cha ufundi, nilimtembeza mtaani. Alipoinua macho kutazama paa lililobonyea, nilisikia sauti yangu ikimwambia, "Hizi zinabomolewa mwaka ujao." Aliandika kichwani kama nilivyoandika mimi.

Kageha alianza kukohoa wakati wa mvua za masika. Chumba chetu kilikuwa kimelowa mpaka ukuta ulitoa unyevu ukiugusa. Hospitalini walimpa dawa, akapata nafuu, akaanguka tena. Alipokuwa hawezi kuinuka, aliniuliza kila nilipotoka kazini.

"Wameanza?"

"Wanachimba msingi," nilimwambia. Hapakuwa na mtu anayechimba chochote.

"Ghorofa ya ngapi tutapewa?"

"Ya pili. Hutachoka na ngazi."

"Dirisha liwe la upande wa jua," akasema. "Ili mapazia yaonekane."

Nilimwambia nitayatundika sasa hivi, hapohapo, ayaone akiwa amelala. Nilikwisha kupiga magoti kuvuta katoni. Akanishika shati. "Usifungue," akasema. "Yatashika ukungu." Alikufa wiki hiyo, makatoni yakiwa chini yake.

Na mwaka ujao ukafika. Baada ya uongo wa miaka yote ile, sikuamini hata nilipoona tingatinga limeegeshwa kiwanjani. Nilikuwa nimebakiza kipindi kifupi nistaafu. Msimamizi mpya wa mradi, kijana mwenye kofia ngumu nyeupe, aliniita.

"Mzee, vigae vya zamani vina soko. Kabla ya kubomoa, vishushwe. Wewe ndiye unayevijua. Tuanze na ile nyumba nyeupe, ndiyo ina vizima."

Nyumba nyeupe ilikuwa moja tu.

Nilipofika na ngazi, Mama Ciku alikuwa ameshatoa vyombo vyake nje. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Niliegemeza ngazi ukutani. Nilipanda. Nilianzia juu, kwenye mgongo wa paa, nikashuka mstari kwa mstari, nikitoa kila kigae nilichokiweka kwa mikono yangu. Pao zilikuwa kavu, ngumu, bila hata tundu la mchwa. Lingekaa miaka mingi, paa lile.

"Taratibu, Fundi," akasema kutoka chini. "Usivivunje."

Nilifanya taratibu. Jua lilipoanza kuingia chumbani kwake kutoka juu, likapiga kuta zile za chokaa, nyumba nzima iliwaka weupe. Hapo ndipo alipolia. Kageha alisema kweli, alilia kuliko sisi sote. Wengine walikuwa na mizigo iliyofungwa tayari tangu ujana wao, waliibeba wakaenda. Yeye alijikwaa kwenye kila kitu: changarawe, benchi, msumari wa kutundikia kioo. Binti yake alikuja na gari la kukodi akampeleka kwake, mtaa wa Komarock.

Maghorofa yalipanda. Ni marefu, yana rangi nzuri, na yana watu, ila hakuna hata mmoja wao ninayemjua. Sisi tuliambiwa tutafikiriwa.

Nilistaafu na kuhamia mtaa wa Kware, chumba kimoja katika jumba la ghorofa nyingi lililosongamana na mengine. Mchana nawasha taa nikitaka kuona mkono wangu. Kitu cha kwanza nilichofanya, mlango ukiwa umefungwa, ni kufungua makatoni. Mapazia yalikuwa yameliwa. Nilipoinua moja lilikatika vipande mikononi, ndege wa Kageha akabaki na bawa moja. Vikombe vilikuwa vizima. Vyote, havina hata alama ya kijiko. Hivyo ndivyo vilivyoniumiza zaidi.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni kijana anayefanya kibarua viwandani, huko Industrial Area. Kochi lake bado lina nailoni ya dukani, godoro lake pia. Tangu nimjue anakalia nailoni.

"Niaje, mzee," hunisalimu. "Hapa niko kwa muda tu. Nikipata job ya maana, nahama."

Ningeweza kumweleza. Nimejaribu mara moja, akanisikiliza kwa adabu, akatazama simu. Na hata angenisikiliza, ningemwambia nini? Aondoe nailoni afurahie leo yake? Leo yake ni chumba kisicho na jua na kazi inayokwisha akiumwa siku mbili. Nimesikia wahubiri na watu wa redio wakisema ishi leo, ishi leo, kana kwamba leo ni kitu kilichowekwa mezani unakichukua. Mimi niliyeona paa moja likitengenezwa na mengine yote yakizibwa, bado sijui wangapi kati yetu tulikuwa na nafasi ya kuchagua.

Mwezi uliopita nilikwenda Komarock kumtafuta Mama Ciku. Binti yake, Ciku, alinipokea vizuri, akanionya kwamba mama siku nyingine yuko, siku nyingine hayuko. Siku hiyo alikuwepo. Alikuwa barazani, amekondeana, blanketi magotini.

"Fundi," akasema mara moja. "Umezeeka vibaya."

Tulicheka. Tukaongea habari za mtaa, nani amekufa, nani yuko wapi. Kisha nikamuuliza nililokuwa nimelibeba.

"Mama Ciku, hukujuta? Ile chokaa yote, yale mawe, halafu wakaja wakasukuma mara moja tu."

Alifikiri. "Iliniuma. Mpaka leo inaniuma, naota niko mlangoni. Lakini kabla hawajaja nilikuwa na nyumba." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na Kageha."

"Ulikuwa naye lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Ciku akaja kumpa dawa. Nilipoaga alinishika mkono.

"Njoo kesho," akasema.

"Nitakuja Jumapili, Mama."

"Jumapili ni nini? Njoo kesho."

Nikaenda kesho yake. Nilivaa shati safi, nikabeba maparachichi. Alikuwa palepale barazani, blanketi lilelile. Aliinua macho akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni wa mwanawe.

"Wewe ni nani?"

"Ni Fundi, Mama."

"Fundi wa nini?"

"Wa paa."

Akatazama juu, akaikagua dari ya zege ya binti yake kutoka pembe hadi pembe, bila haraka.

"Haivuji," akasema.

"Ndiyo, Mama. Haivuji."

Nikavuta kiti nikaketi kando yake, nikaanza kummenyea parachichi.